iTax inadai Sh5,385 juu ya PAYE iliyokwisha kukatwa: kosa liko wapi?

#1 Msoma_P9
Habari za jioni wadau. Nafaili ritani (taarifa ya mapato na ushuru) ya 2024 kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru ya Kenya, mshahara tu, mwajiri mmoja mwaka mzima. Nimetumia fomu ya Excel. Mshahara ghafi ni 960,000 (80,000 kila mwezi). NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) 24,840. Nafuu ya binafsi (punguzo la ushuru) 28,800. PAYE (ushuru anaokata mwajiri kwenye mshahara) ya mwaka kwenye P9, karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, ni 183,763. Nikifika ukurasa wa T, wa hesabu ya ushuru, fomu inasema nadaiwa 5,385. Mwajiri amekata kila mwezi bila kuruka. Deni linatoka wapi?

#2 Kipanga wa Likoni
Umeandika PAYE wapi? Wengi huijaza kwenye F wakasahau M. F ni ya mshahara, M ndiyo ya PAYE iliyokatwa. M ikiwa tupu, T hukudai ushuru wote.

#3 Msoma_P9
@Kipanga, M imejaa. Isingejaa ningedaiwa laki na themanini na kitu.

#4 Bi Makadirio
Kipanga ana haki ya kuuliza, ila hapa kosa si hilo. Tuanze na hesabu ya fomu yenyewe.

960,000 toa 24,840 ni 935,160. Laki 2 na 88 elfu za kwanza ni asilimia 10, yaani 28,800. Laki moja inayofuata ni asilimia 25, yaani 25,000. Zinabaki 547,160 kwa asilimia 30, ambazo ni 164,148. Jumla 217,948. Ondoa nafuu ya binafsi, inabaki 189,148. Toa 183,763 uliyokatwa: 5,385. Fomu imepiga hesabu sawasawa kwa ulichoilisha.

Kwa hiyo uliza kinyume: mwajiri alipunguza nini ambacho wewe hukukijaza?

#5 Fundi Seli
Bima ya afya ya NHIF. Mshahara wa 80,000 ulikuwa unakatwa 1,500, na asilimia 15 yake ni nafuu ya bima, yaani 225 kwa mwezi. Januari hadi Septemba ni miezi 9, kwa hiyo 2,025. Inajazwa kwenye ukurasa wa L, na L haifunguki mpaka ujibu Ndiyo kwenye swali la bima pale ukurasa wa A. Watu huruka A kana kwamba ni ya jina na PIN (nambari ya mlipa ushuru) tu.

Hapo L inataka PIN ya kampuni ya bima (hapa ni PIN ya NHIF, si yako), nambari ya uanachama, tarehe, na mchango wa mwaka mzima. Andika 13,500 uliyolipa. Usiandike 2,025, asilimia 15 fomu itaipiga yenyewe. Ukiweka 2,025 utapata nafuu ya Sh303.75 na utabaki unashangaa.

#6 Mwana wa Kisauni
Nyongeza kwa Fundi: kiwango cha juu cha nafuu ya bima ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Mleta uzi hakaribii huko.

#7 Mkaguzi Baridi
Kwa nini miezi 9 na si 12?

#8 Fundi Seli
Kwa sababu SHIF, bima mpya ya afya, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 na NHIF ikaisha. Nafuu ya asilimia 15 ilikuwa ya NHIF. SHIF ya Oktoba na Novemba haikuwa na nafuu yoyote.

#9 Hesabu_za_Usiku
Mmesahau ada ya nyumba (makato ya mradi wa nyumba za bei nafuu). Asilimia 1.5 ya 80,000 ni 1,200, na nafuu yake ilikuwa asilimia 15, yaani 180 kwa mwezi. Sheria ya nyumba ilianza tarehe 19 Machi 2024. Machi hadi Novemba ni miezi 9, jumla 1,620.

#10 Bi Makadirio
Na Desemba ni kisa chake peke yake. Sheria ya marekebisho ya ushuru ilianza tarehe 27 Desemba 2024. Ikaondoa ile nafuu ya asilimia 15 ya nyumba, badala yake SHIF na ada ya nyumba zikawa zinatolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga ushuru. SHIF ni asilimia 2.75 ya 80,000, yaani 2,200. Jumlisha 1,200 ya nyumba: 3,400. Asilimia 30 yake ni 1,020.

Tuweke pamoja: 2,025 + 1,620 + 1,020 = 4,665.

Bado 720 haina mwenyewe.

#11 Kipanga wa Likoni
Hahaha, Bi Makadirio leo amefungua ofisi ya madai.

#12 Zai wa Tabata
Wakuu, samahani, mimi niko Dar. Mtu wa mshahara anajaza haya yote kwa nini kama mwajiri keshakata? Huku kwetu mwenye ajira tu na kodi inakatwa na mwajiri hahangaiki na ritani.

#13 Mwana wa Kisauni
@Zai, Kenya kila mwenye PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato lazima afaili kufikia 30 Juni, hata kama hana shilingi. Halafu dada, usiseme "kodi" hapa. Ukisema kodi Mombasa watu wanadhani mwenye nyumba amebisha hodi.

#14 Zai wa Tabata
Na nyinyi mkisema "ushuru" mimi naona mizigo bandarini 😂

#15 Mkaguzi Baridi
Turudi. Kuhusu Machi: kama sheria ilianza tarehe 19, nafuu ni ya siku 13 kati ya 31. 180 mara 13 gawa kwa 31 ni 75.48, si 180. Kwa hiyo nyumba inaeleza 1,515.48 tu, na tundu la Bi Makadirio si 720 bali 824.52.

#16 Hesabu_za_Usiku
Kwenye karatasi ni sawa, lakini programu nyingi za mishahara ziliweka nafuu ya mwezi mzima. Hatuwezi kujua bila kuona mstari wa Machi kwenye P9.

#17 Mkaguzi Baridi
Na mstari wa Desemba pia. Mishahara ya Desemba hufungwa mapema kwa ajili ya Krismasi. Tarehe 27 ilipofika, waajiri wengine walikuwa wamelipa kwa hesabu ya zamani. Kwa hao ile 1,020 haipo, ipo 180 ya nafuu ya nyumba. Hapo tundu linakuwa 1,560 kama Machi ni kamili.

#18 Bi Makadirio
Nakubali. @Msoma_P9 tupe PAYE ya Januari, Machi, Oktoba na Desemba kama ilivyo kwenye safu ya L ya P9 (si ukurasa wa L wa fomu). Usitupe safu ya J. J ni ushuru kabla ya nafuu, na kuna wanaoijaza kwenye M kama ndiyo iliyokatwa, wanapata marejesho hewa ya 28,800, kisha barua inafuata.

#19 Kijana wa Saiba
Mimi nina shida tofauti, nisianzishe uzi mwingine. Kitufe cha Validate (cha kuhakiki fomu) hakifanyi kitu kabisa. Nabonyeza, kimya.

#20 Fundi Seli
Makro (programu ndogo zilizo ndani ya fomu) zimezuiwa. Tangu 2022 Microsoft Office huzuia makro za faili lililotoka mtandaoni, unaona mstari mwekundu juu. Kubonyeza Enable Content hakutoshi, mara nyingi hata hakitokei. Funga Excel. Toa faili kwenye zip kwanza, maana wengi huifungua ikiwa bado ndani ya zip. Bonyeza faili kitufe cha kulia cha kipanya, Properties, chini kabisa weka alama kwenye Unblock, OK. Fungua tena, Enable Editing, kisha Enable Content.

Kama unatumia Google Sheets au programu ya simu, acha kabisa. Fomu itafunguka na utaandika vizuri, lakini makro hazitembei huko.

#21 Kijana wa Saiba
Imekubali, shukran. Sasa inakataa tarehe ya bima. Nimeandika 05/25/2019.

#22 Fundi Seli
Mwezi wa 25 bado haujatungwa bosi. Siku/mwezi/mwaka. Na kama kompyuta yenyewe imewekwa kwa mtindo wa Marekani, hata 25/05/2019 inaweza kugeuzwa au kukataliwa. Nenda kwenye mipangilio ya eneo ya Windows, weka Kiingereza cha Uingereza, funga Excel, fungua upya.

#23 Mwana wa Kisauni
Jambo jingine la saiba: msinakili na kubandika kutoka P9 ya PDF. Ukibandika, unaleta nafasi tupu na koma ndani ya seli na unafuta ukaguzi uliowekwa kwenye seli hiyo. Nambari inaonekana nzuri, fomu inaiona kama maneno. Andika kwa mkono, bila koma.

#24 Kipanga wa Likoni
Na ile zip inayotoka baada ya Validate usiifungue, usiibadilishe jina "ritani ya mama final 2". Ipakie kama ilivyozaliwa.

#25 Msoma_P9
Nimerudi. Safu ya L:
Januari 15,774.35
Machi 15,270.35
Oktoba 15,495.35
Desemba 14,655.35

#26 Bi Makadirio
Asante, sasa kuna mwanga.

Januari: NSSF bado ilikuwa 1,080, kwa hiyo yenye ushuru ni 78,920. 2,400 + 2,083.25 + 13,976.10 = 18,459.35. Toa 2,400 na 225 ya NHIF: 15,834.35. Yake ni 15,774.35. Pungufu 60.

Machi: NSSF 2,160, yenye ushuru 77,840. Ushuru 18,135.35, toa 2,400, toa 225, toa 180: 15,330.35. Yake 15,270.35. Pungufu 60.

Oktoba bila NHIF: 15,555.35. Yake 15,495.35. Pungufu 60.

Desemba kwa sheria mpya: yenye ushuru 74,440, baada ya nafuu 14,715.35. Yake 14,655.35. Pungufu 60.

60 mara 12 ni 720. Machi ilikuwa kamili, Desemba ilikuwa ya sheria mpya. @Mkaguzi, pole.

#27 Mkaguzi Baridi
Nimepokea. Kwake imekaa hivyo, ila wasomaji wengine wasichukue Machi na Desemba ya huyu wakafanya yao.

#28 Hesabu_za_Usiku
Jumla ya miezi 12 inakuja 183,763.20, na fomu ya mwaka ingepaswa kuacha senti 20 juu. Hizo zinatokana na 8,333 mara 12 kutofika laki moja. Nasema mapema kabla hajatokea mtu kuuliza.

#29 Kipanga wa Likoni
Hakuna aliyekuwa anauliza kaka.

#30 Fundi Seli
60 kila mwezi ni bima ya maisha au ya elimu. Mchango wa 400 kwa mwezi, asilimia 15 ni 60. Mwajiri anakata 400 kwenye mshahara na anatoa nafuu. Jaza L mistari miwili: wa NHIF 13,500 na wa hiyo bima 4,800, ukiwa na cheti cha bima kutoka kampuni. Kumbuka bima ya elimu lazima iwe ya angalau miaka 10 ndipo nafuu ikubaliwe.

#31 Mwana wa Kisauni
Au ni pensheni. 200 kwa mwezi kwenye mfuko wa pensheni wa kazini, juu ya NSSF. Hutolewa kabla ya ushuru, asilimia 30 ya 200 ni 60. Kikomo kilikuwa 20,000 kwa mwezi kwa NSSF na pensheni pamoja (30,000 tangu ile sheria ya Desemba), kwa hiyo nafasi ipo tele. Hapo L haihusiki: unabadilisha mstari wa pensheni kwenye T kutoka 24,840 hadi 27,240.

#32 Fundi Seli
Nani anaweka pensheni ya 200 bob?

#33 Mwana wa Kisauni
Nani anauziwa bima ya maisha ya 400? Zote mbili ni ndogo. Hoja ni kwamba mleta uzi alitoa NSSF wapi: kwenye P9 au kwenye hati ya mshahara? Kama ni hati ya mshahara, pensheni inakaa mstari wake na hakuiona.

#34 Mkaguzi Baridi
Kuna la tatu. 200 ni akiba ya Sacco (chama cha akiba na mikopo), na aliyeingiza kwenye programu ya mishahara aliipa msimbo wa pensheni. Sacco haitolewi kabla ya ushuru. Kama ni hivyo, PAYE ilikatwa pungufu kwa kosa, na ile 720 ni deni halali. Asiitafutie mahali pa kuificha kwenye fomu.

#35 Hesabu_za_Usiku
Mimi nilifikiri HR (idara ya wafanyakazi) waliendelea kutoa nafuu ya bima kwa SHIF. 225 mara 3 ni 675, asilimia 15 ya 2,200 mara 2 ni 660. Zote zinakaribia 720 ila hazifiki, na Januari inaiua kabisa maana SHIF haikuwepo. Naiondoa.

#36 Bi Makadirio
Kipimo kimoja kinatenganisha hizi zote. Jumla ya safu ya H, mapato yenye ushuru. Ikiwa 931,760 (yaani 935,160 kutoa 3,400 ya Desemba), 60 ilitoka baada ya ushuru: bima ya Fundi. Ikiwa 929,360, ilitoka kabla: pensheni au Sacco iliyovaa kanzu ya pensheni. Hapo ndipo unamwomba HR akuonyeshe 200 inakwenda mfuko gani.

@Msoma_P9, H inasemaje?

#37 Halima_Ritani
Wakati tunamsubiri: mtu aliacha kazi mwisho wa Juni, akaanza mpya Septemba, fomu inaonyesha anarudishiwa pesa. Ni kweli au amejaza vibaya?

#38 Bi Makadirio
Ni kweli. PAYE hupigwa kwa mwezi, ritani hupigwa kwa mwaka. Kila mwezi usio na mshahara unaacha nyuma 24,000 za asilimia 10, 8,333 za asilimia 25 na nafuu ya 2,400. Kwa aliye kwenye asilimia 30, ni 4,800 + 416.65 + 2,400 = 7,616.65 kwa mwezi. Julai na Agosti ni 15,233.30.

Kinyume chake pia ni kweli. Waajiri wawili wakilipa mwezi mmoja na wote wakatoa nafuu, unadaiwa 7,616.65 kwa kila mwezi waliopishana. F na M zinahitaji mistari miwili, PIN ya kila mwajiri. P9 moja ikikosekana, usifaili kwa iliyopo ukidhani nyingine itajijaza.

#39 Halima_Ritani
Na marejesho yanakuja yenyewe?

#40 Mwana wa Kisauni
Hayaji yenyewe. Ritani inaonyesha tu kwamba umelipa zaidi. Ombi la marejesho ni hatua nyingine ndani ya iTax, na akaunti ya benki iwe imejazwa kwenye A.

#41 Kipanga wa Likoni
Kwa nini mnajitesa na Excel? Ipo fomu ya wenye mshahara pekee, inajazwa moja kwa moja mtandaoni, na PAYE ya mwajiri inaingia yenyewe.

#42 Mkaguzi Baridi
Inaingia ile mwajiri aliyoiwasilisha. Ikitofautiana na P9, usiifuate kwa sababu tu imekuja ikiwa imejaa. Na mwenye nyumba ya kupangisha au biashara ya pembeni haimfai.

Mnaotumia Excel, pakueni fomu upya kila mwaka. Toleo la mwaka jana lililo kwenye fleshi halijui sheria iliyopita baada yake.

#43 Kijana wa Saiba
Kuna mteja anataka nil kwa sababu "mwajiri keshalipa".

#44 Fundi Seli
Mkatalie. Nil ni ya asiye na mapato. Akiwa na P9 na amefaili nil, arudi afaili ritani ya marekebisho.

#45 Msoma_P9
Niko njiani, P9 iko kwenye kompyuta ya kazini, nitaangalia H kesho asubuhi. Nikiona ni deni halali, nalipa kabla ya tarehe 30 na yameisha?

#46 Mkaguzi Baridi
Hapana. 30 Juni ni siku ya ritani. Salio la ushuru wa 2024 lilitakiwa kulipwa mwisho wa Aprili 2025. Kwa 720 adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani 36, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi ni 7.20. Ukikosa kufaili kwa wakati ndiyo 2,000, au asilimia 5 ya ushuru ikiwa ni kubwa zaidi.

#47 Kipanga wa Likoni
Basi alipe 720 leo usiku alale, H aitazame baadaye.

#48 Bi Makadirio
Alipe kisha iwe bima, aanze kuomba marejesho ya 720? Asubiri asubuhi. Ritani ikishakubaliwa, toa hati ya malipo yenye PRN (nambari ya malipo hayo), lipa kwa Paybill 222222 na PRN iwe ndiyo nambari ya akaunti, si PIN.

#49 Fundi Seli
Itakuwa bima.

#50 Mwana wa Kisauni
Pensheni.

#51 Zai wa Tabata
Mimi naweka dau kwenye Sacco. Kesho saa ngapi jamani?